Picha Isiyofutika

Picha ilikuwa imerudi. Fundi wa tovuti aliitoa jana kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi hii mama yule mwenye futi ya kupimia shingoni alikuwa pale pale, juu ya ukurasa wa duka la ushonaji, akimtazama.

Simu ikalia. Mwenye duka.

"Binti, nilisema marehemu mke wangu sitaki kumwona humo. Nina mke mwingine sasa. Kazi ndogo hivyo inakushinda?"

"Nimeshaitoa, mzee. Labda simu yako inaonyesha ukurasa wa zamani."

"Simu yangu ni mpya."

Fundi alikata simu, akasonya. Huyu ndiye aliyemfanya aikuze nembo ya duka mara saba, halafu akalalamika kwamba imekuwa kubwa.

Akaifuta picha kwenye seva, akaifuta na kwenye nakala ya akiba, akafungua ukurasa upya. Mama alikuwepo. Safari hii hakutazama mbele; alikuwa amegeuza macho pembeni, kwenye maneno yaliyosema duka lilianzishwa na mumewe, na chumba kizima kikaanza kunuka kitambaa kilichounguzwa na pasi, ilhali humo ndani pasi haikuwepo.

Mchana akaenda dukani. Alimkuta mwenye duka amejibana ukutani, kando yake mganga aliyemwita, na wote wawili wakitazama kona ambako cherehani ilikuwa ikienda yenyewe, pedali ikipanda na kushuka bila mguu, sindano ikishona hewa tupu, na harufu ile ile ya kitambaa kinachoungua ikizidi, ikizidi, mpaka macho yakamwasha fundi.

"Anataka nini?" mwenye duka alinong'ona.

"Duka hili alilianzisha nani?" mganga akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

Cherehani ikaongeza kasi.

"Nauliza tena."

"Yeye," mwenye duka akasema. "Na cherehani zote nne ni zake. Mimi nilikuwa nafungua mlango tu."

Mganga akamgeukia fundi. "Andika hivyo hivyo."

Fundi akaweka kompyuta magotini, akaandika, akabonyeza. Pedali ikasimama. Harufu ikaisha. Mganga akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Mwenye duka akajifuta jasho, akachungulia skrini, akakunja uso.

"Binti, hayo maandishi yapunguze basi. Yaweke chini kabisa, kwa rangi hafifu, watu wasiyaone sana."

Fundi alimtazama kama kitu kilichonata kwenye soli ya kiatu. Akafunga kompyuta, akatoka.

Nyuma yake mlango ukajifunga, komeo likaingia lenyewe, na cherehani zote nne zikaanza kwenda kwa pamoja.

"Binti," alimsikia akiita kwa sauti ndogo. "Rudi, binti."

Alisimama kidogo, kisha akavuka barabara.