Siri Iliyouzwa kwa Kilo

Hindu aliuza bajia gatini Mtangawanda. Alizifungia karatasi kuukuu alizonunua kwa kilo kutoka ofisi za serikali, Faza. Kusoma ndiyo kwanza alikuwa akijifunza, kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima. Asubuhi moja alikokoteza herufi moja moja: MAJI YA KISIMA CHA MTANGAWANDA HAYAFAI KUNYWEWA. Juu yake, muhuri mwekundu: SIRI.

Kisima chenyewe kilikuwa chao. Na mjukuu wake, Rawiya, alikuwa akihara wiki ya pili.

Hindu hasahau. Mama yake alipokufa kwa kuhara, wakubwa walisema ni maembe. Mazishi matatu wiki moja, eti maembe.

Alimpelekea karatasi Mahir, mtangazaji wa redio ya kijiji. Mahir akaisoma hewani, kisha akamrudishia. Kesho yake Bwana Taha, afisa wa maji, akaja na askari, akaifunga redio, akataka jina la aliyemletea. Mahir hakulitaja. Hindu aliposikia, akawasha jiko aichome karatasi.

Jirani yake, Bi Asmaa, msaidizi wa sheria, akamshika mkono. Akamweleza kuwa Katiba inailinda redio. Serikali haina ruhusa kumwadhibu mtangazaji kwa habari isizozipenda. Siri za haki zipo, kama mahali wanajeshi walipojificha. Lakini kisima si kambi.

"Karatasi ina muhuri," Hindu akasema.

"Muhuri hausafishi mai ya kisima, dada. Nenda kwa Taha ukadai vipimo vya maji. Jambo la uhai wa mtu, sheria inampa saa arubaini na nane kujibu."

"Barua siwezi kuandika."

"Ataiandika yeye. Sheria inamlazimu, na akupe nakala. Akikataa, tutamshtaki kwa Tume ya Haki ya Utawala."

Wakapanda bodaboda hadi Faza.

"Siri ya serikali umeipata wapi, wewe muuza bajia?" Taha akauliza.

"Ofisini kwako. Kwa kilo." Hindu akaketi. "Haya, andika. Mimi Hindu, bibi yake Rawiya, nataka vipimo vya kisima chetu. Andika pia nataka siku muliyojua."

Kalamu ikasita. Asmaa akaitazama saa ya ukutani. Kalamu ikaandika.

Siku ya pili majibu yakatoka. Ofisi ilijua kwa miezi minne mizima. Kisima kikafungwa, maji safi yakaletwa kwa boti. Redio, iliyofungwa bila hati ya mahakama, ikafunguliwa, na Mahir akasoma kila mstari. Rawiya akapona.

Hindu bado hununua karatasi za ofisi. Ila sasa huzisoma kwanza, ndipo afunge bajia.