Kiputo cha Ferista

Lusubilo hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheti cha kidato cha nne, hakuwa na koti wala jino moja la mbele. Mbele ya wanawake hakuwa hata na ulimi. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora mabango.

Asubuhi moja ya mwaka 2003 alikuwa juu ya ngazi akiandika jina la duka karibu na mpaka wa Tunduma. Malori yalikuwa yamepangana barabarani, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Tone la rangi nyekundu likamponyoka. Chini yake alikuwa anapita msichana mwenye blauzi ya kijani na kitenge cha maua ya njano, amebeba sinia la vikombe vya chai.

"We kaka wa huko juu! Nani kakwambia wateja wangu wanakunywa rangi?"

Lusubilo alishuka. Akachukua chaki, akachora kwenye ubao wake mtu aliyepiga magoti, na juu ya kichwa chake kiputo, kile kiduara ambamo watu wa katuni husemea: "Dada, hiyo chai nitainywa mimi, hata ikinigeuza bango."

Msichana alicheka mpaka vikombe vikagongana. Akamnyang'anya chaki, akachora mwanamke mwenye kichwa kikubwa na kiputo chake: "Haya, kunywa nikuone."

Akanywa.

Msichana huyo aliitwa Ferista, mwenye hoteli ndogo nyuma ya stendi. Tangu siku hiyo walizungumza kwa viputo. Kwenye ukuta wa hoteli Lusubilo alimchora kuku akisema, "Mteja, najua ng'ombe ni mgumu, ila usiniagize mimi." Madereva walikuja kusoma, wakabaki kula.

"Mpenzi," Ferista alimtania, "haya maneno mbona mdomoni hayatoki?"

"Yanakwama."

"Yakwame tu. Mimi nayasoma."

Siku moja Ferista alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua unga. Lusubilo akataka kumfurahisha. Kwa rangi ya mafuta aliwachora ukutani wao wawili wameshikana mikono. Katika kiputo cha Ferista akaandika: "Ndiyo, nimekubali kuolewa." Hakuwa amemuuliza.

Mchana huohuo mjomba wa Lusubilo, Mzee Isaka, aliyeleta maharage kutoka Igamba, aliingia kula. Alisoma ukuta. Katika ukoo wao jembe jipya ndilo linalopelekwa kuposa, na msichana akishakubali mbele ya watu, wazee hawangoji. Ferista alirudi jioni akalikuta jembe sebuleni kwa baba yake.

"Mji mzima umesoma," baba alisema. "Ningekataa kwa lipi?"

Ferista alilibeba begani mpaka kwa Lusubilo.

"Nani kasema nimekubali?"

"Ulikuwa utani, mpenzi wangu."

"Utani wako, mdomo wangu! Ungeniuliza, ningejibu nini?"

"Sijui."

"Na mimi sasa sijui."

Akaliweka jembe chini. Kesho yake alipaka ukuta chokaa, akafunga hoteli, akaenda kwa shangazi yake Isongole, maana baba alikuwa hasemi naye kwa kulirudisha jembe.

Lusubilo hakulia. Alikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu ukafa ganzi. Alikula bila kuonja chumvi. Mabango yake yalinyooka kuliko zamani, wateja wakamsifu, naye akaitikia, "Asante," bila kuwaangalia.

Rafiki yake Clement, fundi redio, alimuazima simu. Lusubilo akampigia Ferista kwa shangazi.

"Haloo, mama wa chai nyekundu..."

"Usinichekeshe, Lusubilo."

"Basi nifanye nini?"

"Kuna mwanamume wa huku ameleta mshenga. Shangazi ameshamkubalia. Na mwanamume huyo naye hajaniuliza. Mnafanana nyote."

Simu ikakatika.

Lusubilo alichukua karatasi, akajichora amesimama peke yake. Hakuweka mzaha. Katika kiputo akaandika: "Ferista, niliposema kwa niaba yako nilikukosea. Nakuuliza leo: unanitaka? Ukisema hapana, hapana hiyo nitaipokea."

Clement alichungulia begani kwake.

"Na yeye umemchora wapi?"

"Sijamchora."

"Katuni ya mtu mmoja haina raha, bwana."

"Akitaka kuwemo atajichora."

Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akapaka gundi na kuikandamiza kwa kidole gumba. Pale stendi, basi la Isongole lilikuwa limeshawasha injini. Kondakta aliipokea barua, akasoma jina, akaichomeka mfukoni mwa shati. Akagonga ubavu wa basi mara mbili, likaondoka.