Umri wa Bibi

Siku ile mjinga alikuwa Mjuaji mwenyewe, na baadaye hakukataa. Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, msichana huyo alimsaidia bibi yake mambo ya simu. Jumatano hiyo alikuwa anamjazia ombi la kadi ya matibabu. Bila kadi, Ijumaa bibi asingefanyiwa upasuaji wa jicho, na jicho la pili nalo lilishaanza kuingia ukungu.

Aliandika namba ya kitambulisho. Papo hapo jina likajitokeza, na tarehe ya kuzaliwa. Mjuaji akapiga hesabu: miaka sabini na mmoja.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Sitini na minne," bibi akajibu, kama alivyojibu mwaka jana na mwaka juzi.

"Basi kompyuta zao zimelewa." Akabonyeza palipoandikwa "Si sahihi". Ombi likasimamishwa.

"Vipi, mjukuu wangu?"

"Mtandao unasumbua, bibi."

Kesho yake, alipotoka shule, alimshika bibi mkono wakaenda ofisi inayotoa kadi. Karani, mama aliyening'iniza miwani shingoni, alitazama skrini.

"Nani alibonyeza hapa?"

Mjuaji akakodolea macho viatu vyake. "Mimi. Mtandao haukuwa na kosa. Nilidhani umri umekosewa, halafu nikaona aibu kusema."

"Sisi hatuna daftari la waliozaliwa, mwanangu. Liko ofisi ya vizazi. Zamani ungefuata nakala huko, urudi na vumbi hadi magotini. Siku hizi mfumo wetu unauliza wa kwao kupitia kiolesura, yaani kidirisha kati ya programu mbili: swali linapita, jibu linarudi. Mtu akilikana jibu, lazima tusimame. Haya bibi, ulizaliwa lini?"

Bibi akakohoa. "Kama walivyoandika."

"Sabini na mmoja?" Mjuaji akashangaa.

"Punguza sauti, kuna watu."

Karani akabonyeza mara mbili. Simu ikalia: kadi tayari, upasuaji kesho saa mbili asubuhi. Mjuaji akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana, na bibi akamkumbatia huku akimfinya sikio.

"Ungeniambia ulichobonyeza, nisingelala na wasiwasi."

"Nawe ungeniambia umri wako, nisingebonyeza."

"Mtoto hamhesabii bibi yake miaka."

"Jamani," karani akasema, akivaa miwani, "mashine mbili zisizojuana zimeulizana na kuambiana kweli. Nyie mnaokula sahani moja mmeshindwa nini?"