Simu Asiyoruhusiwa Kukata

— Sori kwa kukusubirisha. Nikusaidie nini?

Ilikuwa mara ya nne anapiga. Mara tatu za mwanzo walipokea wasichana, akakata. Sasa kampata anayemtaka: mumewe wa ndoa ya miaka sita, mpokea simu za wateja kwenye kampuni ya intaneti.

— Ni mimi.

— Mke wangu? Sori, niko kazini. Tutaongea nyumbani.

Nyumbani wataongea lini? Tangu mtoto wao azaliwe mfu, mwezi na nusu sasa, kila mke akiligusa jambo hilo mume husema sori, huvaa viatu, hutoka. Neno lenyewe halimwishi mdomoni. Akikukanyaga, sori. Asiposikia, sori. Akitaka kupita, sori. Mtandao wa mteja ukikatika, sori. Na siku ile alipotokea hospitali jioni, mtoto keshachukuliwa, alisimama mlangoni mwa wodi akasema hiyohiyo, kwa sauti ileile ya kazini. Mwanamke wa watu alichoka hata kulia.

Lakini kazini kuna sheria moja ambayo mume huilalamikia kila siku: mpokea simu haruhusiwi kukata kabla ya mteja.

— Dada anakuja kunichukua saa kumi, alisema mke. Naondoka. Ila nijibu kitu kimoja, na usiniambie sori. Siku ile ulikuwa wapi?

— Sori, mke wangu...

— Nimesema usiiseme.

Kule kazini msimamizi wake alinyanyua kichwa, maana kwao simu isiyo na maneno ni kosa.

— Nilifika tangu asubuhi, mume alisema mwishowe. Daktari alikuwa ameshanipigia kunieleza. Nilikaa kwenye ngazi za chini, sikupanda. Niliogopa kumwona mtoto. Nikakuacha peke yako siku nzima, halafu nikakudanganya kwamba kazini walininyima ruhusa.

Mke alikaa kitandani. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi, lakini kwa mara ya kwanza alihisi anaongea na mtu.

— Alikuwa na nywele nyingi, alisema taratibu. Na vidole virefu kama vyako. Nilimshika kidogo tu, wakamchukua. Hujawahi kuniuliza.

— Niambie tena.

Akamwambia tena, polepole, mpaka jinsi mtoto alivyofungwa kitambaa cheupe. Wateja kumi na moja walikuwa wanasubiri kwenye foleni, msimamizi kasimama nyuma ya kiti, na mume analia bila kujificha.

— Njoo nyumbani, alisema mke, kisha akakata yeye.

Saa kumi dada mtu alipogonga, alifunguliwa na shemeji yake, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Akauliza mdogo wake yuko wapi, mizigo iko wapi.

— Amelala, shemeji. Nimemkuta macho, tukaongea, akapitiwa na usingizi katikati ya maneno. Tangu siku ile hajalala hivi. Tumwache.

Dada akavua viatu, akaingia kwa kunyata.