Vidole Viwili Mgongoni mwa Wanja

"Ona vidole viwili. Sasa Wanja atavuka kushoto. Wewe tazama tu."

Nasipwondi alikuwa ameufuata mpira hadi kwenye ua wa waya nyuma ya uwanja alipoisikia sauti hiyo. Ilikuwa ya Maurice, mchumba wake, akimnong'oneza rafiki yake Wakoli. Maurice hajawahi kujua kunong'ona maishani mwake. Mwanamume mwenye siri asiwe na domo, lakini huyu alijaliwa vyote viwili.

Nasipwondi akarudi kwenye mstari, akaanzisha mpira. Wanja akavuka kushoto vilevile alivyotabiriwa, akaupiga mpira chini, na watu wakashangilia. Nasipwondi hakushangilia.

Katika tenisi ya wawili wawili, anayesimama mbele karibu na wavu humpa mgongo mwenzake anayeanzisha mpira, kisha humwonyesha kwa vidole, mkono ukiwa nyuma, atakimbilia upande gani. Ishara hizo ni siri ya wachezaji wenyewe. Nasipwondi wa Makina aliingia klabuni akiokota mipira ya matajiri. Wanja, binti ya Gichuru mwenye nyumba za kupangisha kule Gatina, aliletwa na baba yake kujifunza. Wakakua pamoja hadi wakacheza mashindano ya kulipwa, na hata kocha hakuwahi kuambiwa ishara zao.

Isitoshe, ishara hizi zilikuwa mpya. Jana mchana, baada ya nusu fainali, waliketi Soko la Toi wakila viazi karai na kuzibadilisha zote, kwa kuhofia kwamba wapinzani wao kutoka Zimbabwe walishaanza kuzisoma. Jioni Maurice akapiga simu kwenye duka la jirani, Nasipwondi akaitwa mbio kupokea.

"Nimebanwa na shift ya usiku, sweetie," alisema. "Tuonane kesho kwa fainali."

Kumbe shift yenyewe ilikuwa Gatina, nyumbani kwa kina Wanja! Na wazee wa Maurice walitarajiwa Makina Jumamosi hiyo kuzungumzia mahari. Mama yake Nasipwondi alishatangaza kanisani, kisha akawaambia majirani Waislamu mmoja mmoja ili asisahauliwe mtu.

Walipoketi kupumzika katikati ya seti ya tatu, Nasipwondi hakugusa maji.

"Maurice amejuaje ishara zetu?"

Wanja akajifuta uso. "Si ametuangalia miaka mingi."

"Hizi ni za jana, Wanja."

Taulo likabaki usoni. Lilikaa hapo muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji, na Nasipwondi akapata jibu lake.

"Tangu lini?"

"Nasi, tumalize mechi kwanza. Halafu unipige, unifanye vile unataka."

"Nimeuliza tangu lini."

"Ulipoenda Bungoma kumzika baba yako." Wanja alisema taratibu, macho chini. "Alikuwa anakuja kwetu kwa ile mikutano ya matanga. Ikaanza hapo."

Mikutano ya kuchangia mazishi ya baba yake! Nasipwondi alikumbuka jinsi alivyowashukuru wote wawili mbele ya kaburi, akilia, akisema Mungu amempa mume na dada. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Na Jumamosi?"

"Hawatakuja. Wazee wake walishafika kwetu mwezi jana. Baba aliwapokea."

"Na ukaniacha nimwambie mama anunue mchele."

"Nilikuwa natafuta siku ya kukwambia. Nampenda, Nasi. Sina uongo mwingine wa kukupa."

Mwamuzi akawaita. Nasipwondi akainuka, akasema bila kumtazama, "Miaka yote hii umenipa mgongo, na sijawahi kukugonga hata kwa bahati mbaya. Mimi nilikupa wangu mara moja tu, nikaenda kuzika."

Wakaendelea kucheza, maana angejitoa mmoja wangekuwa wametoka wote wawili. Wakacheza bila neno, kila mmoja akikimbilia mipira yake. Zamu ya Nasipwondi kuanzisha mpira iliporudi, walikuwa wamebakisha gemu moja kushinda.

Wanja akasimama mbele, mgongo wazi, vidole viwili nyuma. Nasipwondi akavitazama vile vidole. Vilikuwa vya mtu aliyemsuka nywele, aliyemshika mkono kaburini, na jana usiku vilimfundisha Maurice. Hasira ikampanda. Akarusha mpira juu, akaupiga kwa nguvu zake zote.

Ukampata Wanja katikati ya mabega.

Wanja aliyumba hatua moja, akajishika, akasimama wima. Hakugeuka. Akapeleka mkono nyuma tena, akaonyesha vidole viwili vilevile.

Hapo ndipo Nasipwondi alipolia. Alilia akicheza, akaupeleka mpira wa pili mahali pake, Wanja akavuka na kuumaliza. Wakaendelea hivyo hadi gemu ikaisha na mwamuzi akatangaza kwamba wameshinda.

Mpiga picha wa gazeti akawataka walishike kombe pamoja na kutabasamu. Walilishika. Maurice akashuka mbio kutoka kwenye viti, mikono wazi, bila kujua amkumbatie nani kwanza.

"Nasi, hebu tuongee kando kidogo," alisema alipoziona nyuso zao.

"Kando ya nini? Wazee wako wanajua njia ya Gatina. Wafuate."

Maurice akamgeukia Wanja kutafuta msaada. Wanja hakumwangalia. Alikuwa amemshika Nasipwondi kiwiko, akimsihi kwamba ubingwa huu umewafungulia mashindano ya Harare, waende tu, wasiongee hata neno wakitaka.

"Siwezi kusimama nyuma yako tena," Nasipwondi alimjibu. "Leo nimeulenga mgongo wako kwa makusudi. Nitaulenga tena."

Akamwachia kombe, akatembea kwa miguu hadi Makina. Alimkuta mama yake uani akiosha sahani za kuazima na kuzianika juu ya viti vya kuazima, akiimba.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda, mama. Viti vya watu virudishwe. Hakuna mgeni Jumamosi."

Alimweleza yote wakiwa wamesimama. Mama alikausha mikono kwenye leso, akamvuta binti yake kifuani, akamwambia asilie, wanaume hawajaisha Nairobi hii.

"Huyo simlilii, mama," alisema Nasipwondi. "Mume nitapata. Namlilia Wanja."