Pumzi ya Anti Joan

Kwetu, ng'ambo ya Mogogosiek, ukungu hulala juu ya majani ya chai kila asubuhi hadi usijue bonde linaanzia wapi. Mimi hukaa mlangoni nikingoja maziwa yachemke, na nikikaa hivyo huanza kuota macho wazi. Naona vilima vinaelea. Naona ng'ombe wetu anatembea mawinguni, taratibu, bila haraka ya kukamuliwa. Mara maziwa yanafurika, na Mama anapaza sauti: "Chelimo! Umesafiri tena?"

Sikatai, mimi ni mwotaji. Jioni ndizo nilizopenda zaidi. Mama alirudi kutoka kiwandani nywele na kope zimejaa vumbi la chai, la rangi ya udongo, naye alinukia vizuri ajabu. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama yangu ameumbwa kwa chai. Alifanya kazi katika chumba cha kuchekecha, pale majani makavu yanapotenganishwa, makubwa huku na madogo kule, na vumbi huelea hewani kutwa nzima. Mama alikuwa amelivuta vumbi hilo kwa miaka kumi na miwili.

Halafu kikaja kikohozi. Kilianza kama mgeni mwenye haya, lakini baada ya mwaka kikawa mwenye nyumba. Tulipotoka mtoni kuchota maji, Mama alisimama mara tatu njiani akijifanya anatazama mahindi ya jirani. Nilijua hatazami mahindi, na moyo uliniuma.

Mwezi wa tano, tangazo likabandikwa langoni mwa kiwanda. Serikali ilikuwa inamtuma afisa wa usalama na afya kazini. Jumamosi, kila mfanyakazi wa chumba cha kuchekecha angepimwa pumzi. Jioni hiyo Mama hakugusa ugali.

"Wakiona kifua changu, mimi nimekwisha," alimwambia Anti Joan, mdogo wake. "Watasema Phyllis ni mgonjwa, aende nyumbani. Na hawa watoto watakula nini?"

Anti Joan alifikiri kidogo. Yeye huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na kila alfajiri hukimbia hadi barabara ya lami na kurudi. Tena, yeye na Mama wanafanana mno. Hata mchungaji huwachanganya.

"Nipe kitambulisho chako cha kazi," alisema. "Nitaenda kupuliza mimi."

Nilidhani ni mzaha. Nilicheka peke yangu.

"Na wewe utamsindikiza," Mama aliniambia. "Ukifika huko, umwite Mama. Wenzangu hawatasema kitu, hata wao wana mipango yao. Usianze kuota, ukaniharibia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Jumamosi tulisimama kwenye foleni uani mwa kiwanda. Mbele yetu alikuwa Molly, binti mkubwa wa jirani yetu Yunia, amejifunga leso ya mama yake. Yunia naye hufanya kazi na Mama chumba kile kile. Molly hakututazama, nasi hatukumtazama. Alipuliza, daktari aliyekuja na afisa akamsifu, naye akajitenga kando akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha ikawa zamu yetu. "Vuta pumzi, halafu puliza mpaka iishe," daktari alisema, akimpa Anti Joan mrija uliounganishwa na mashine.

Anti Joan akapuliza. Mstari kwenye kioo cha mashine ulipanda, ukazidi kupanda. Nikasahau nilipo. Niliona pumzi ile ni ya Mama kweli. Nilimwona anapanda kutoka mtoni na mtungi wa maji, hasimami popote, anaimba, nami nakimbia nyuma yake nikishindwa kumfikia. Ilikuwa ndoto tamu. Nilitamani isiishe.

"Hongera, Phyllis!" sauti ya daktari ikaniamsha.

Madam Nyakerario, afisa wa serikali, aliacha kuandika. "Ajabu," alisema. "Huyu ni wa pili. Nimeingia chumba kile kwa dakika tano nikapiga chafya mpaka machozi. Nilikuja na nia ya kuamuru ziwekwe feni za kuvuta vumbi. Lakini mapafu yakiwa mazima namna hii, nitaandika nini? Meneja atasema nawasingizia. Chumba kitabaki kama kilivyo."

Kitabaki kama kilivyo! Na Jumatatu Mama angerudi humo. Nilimtazama Anti Joan, naye akatazama viatu vyake. Nikisema, nimevunja ahadi yangu kwa Mama. Nikinyamaza, ninamrudisha vumbini.

"Huyu si Mama," nilisema.

Anti Joan alinifinya. "Wee mtoto! Madam, usimsikize. Huyu huota hata mchana."

"Leo sioti!" Nilikuwa nalia sasa. "Mama yuko nyumbani. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Tafadhali, madam, msimfukuze kazi."

Madam Nyakerario aliweka kalamu chini, na hakunikaripia. "Nenda umlete," alisema kwa upole.

Mama aliponisikia, aliketi juu ya kigoda chake. "Umenimaliza, Chelimo," alisema. Lakini alijifunga kitambaa kichwani, tukaenda. Alisimama njiani mara nne, na safari hii hakujisingizia kutazama chochote.

Alipopuliza, mstari ulipanda kidogo tu, ukalala. Mama alifunika uso kwa mikono.

"Nani alikuambia ukikohoa utafukuzwa?" Madam Nyakerario aliuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

Mama alizungusha macho kwenye foleni ya wenzake.

"Sheria inamlinda mfanyakazi anayesema kwamba kazi inamdhuru," afisa alisema. "Mimi nimetumwa kuhakikisha. Lakini nisipoonyeshwa palipo na ubaya, nitatengeneza nini?"

Kusikia hivyo, Molly akatoka mbio. Alirudi na Yunia, ambaye naye alipuliza, akakohoa, akacheka kwa aibu. "Haki, tumejidanganya wenyewe," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mama alipelekwa hospitali, kisha akahamishiwa kitalu cha miche ya chai, kwenye hewa safi. Feni ziliwekwa, na kila mfanyakazi wa chumba cha kuchekecha akapewa barakoa. Mama alininunia siku tatu nzima, hanisemeshi ila "leta kuni" na "zima moto". Nililia sana siku hizo.

Mwezi wa nane kiwanda kiliajiri watu wapya. Mmoja wao alikuwa Anti Joan, naye akapangiwa chumba kile kile cha kuchekecha.

Siku yake ya kwanza, Mama alinichukua hadi dirishani mwa kiwanda. Feni zilikuwa zinanguruma. Anti Joan, barakoa usoni, alitupungia mkono. Mama akanivuta karibu.

"Siku ile nilidhani unanitoa kazini," alisema. "Kumbe mtu akificha madhara ya kazi, hajiumizi peke yake. Anamwachia madhara hayo anayekuja nyuma yake. Mwanangu, ungenyamaza, chumba hiki kingemla mdogo wangu, na mimi ndiye ningekuwa nimemfungulia mlango."