Gurudumu la Birikani

Mvua ilikatika saa sita mchana, lakini gurudumu la Zoher halikusimama.

Alilifunga mwenyewe mwezi mmoja nyuma, nyumbani kwao Mji wa Kale. Maji ya mvua yalishuka kwa bomba kutoka paani, yakaligonga gurudumu, kisha yakaangukia birika la kale, tangi la maji lililochimbwa chini ya ukumbi. Gurudumu lilizalisha umeme wa kujaza betri, na stima ilipopotea, betri iliendesha mashine ya kupumulia ya mamake, Sabira. Bila mashine hiyo, mama hamalizi robo saa.

Nekesa, aliyemtunza mama, alikinga kiganja chini ya bomba.

"Kavu kabisa, Bwana Zoher. Nini kinalizungusha?"

"Upepo."

"Upepo gani unanuka udi?"

Wakamwita jirani yao, Bi Khairiya. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu, nyanya zako hawakumwaga hata kata moja ya maji humo birikani bila kusema 'Tupisheni.' Wewe ulisema?"

"Bomba halina mdomo, Bi Khairiya."

"Basi mwezi mzima unawamwagia wenyewe wa birika vichwani, kimya. Lifungue gurudumu, uwaombe radhi."

"Na mama, stima ikipotea?"

"Lifungue! Hao hawafanyi kazi bure."

Zoher alichukua spana. Alilifungua gurudumu, akaliweka sakafuni, akasema "Tupisheni" mara tatu. Harufu ikaondoka. Bi Khairiya akashusha pumzi.

Ndipo Nekesa, aliyekuwa amepanda kumtazama mama, akaita kutoka juu kwa sauti ndogo.

"Bwana Zoher, mashine imezima. Sijui tangu lini. Lakini mama anapumua."

Zoher alisikiliza, na katika ule utulivu akaisikia pumzi ya mamake ikishuka ngazini, krr, krr, ikipanda na kushuka kwa mwendo anaoujua, mwendo uleule wa gurudumu aliousikia mwezi mzima, na alipoinamisha macho akaliona gurudumu limelala sakafuni, halina bomba, halina maji, nalo linazunguka polepole.

Akalishika.

"Ameacha!" Nekesa alilia. "Bwana Zoher, ameacha kupumua!"

Akaliachilia. Krr, krr.

Bi Khairiya alianza kurudi kinyumenyume. Mfuniko wa birika ulisogea kidogo, harufu ya udi ikajaa ukumbi, na kutoka chini ikaja sauti ya upole, yenye adabu zote:

"Tupisheni."